Ngiri Aliyekufa Kidogo kwa Akiba ya Bibi Pimbi

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na nini?

—Wewe ndiwe ujuaye!

Haya, mimi ndimi nijuaye. Basi kaeni vizuri, na yule anayetafuna atafune polepole, maana hadithi hii ina mtama ndani yake.

Hapo kale Bibi Pimbi alikuwa mlinzi wa Mlima wa Mawe. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele tu. Akiona tai, "Kweee!" Akiona chui, "Kweee! Kweee!" Wanyama wakaingia mashimoni, wakapona. Kila mavuno alilipwa mtama, na kila mavuno kibaba kimoja kilikwenda ghalani kwa Korongo, mtunza ghala la wote, kiwe akiba yake ya uzeeni. Akapiga kelele mpaka meno yakaisha na sauti ikakauka, ndipo akastaafu. Akiba yenyewe haikuwa kubwa, ilikuwa kilindo kimoja cha gome la mti, kimejaa mtama wa zamani. Lakini kila mwezi Korongo alimpimia kidogo, naye akapika uji, akanywa fuu, akalala. Bila uji ule angekufa, na mwenyewe alilijua hilo.

Sasa palikuwa na Ngiri. Ngiri ana nguvu, Ngiri ana meno ya kutokeza, Ngiri ana tumbo. Siku moja akichimba mizizi alifukua mawe ya njano yanayong'aa. Akayalamba, hayana ladha. Akayatafuna, hayatafuniki. Akasema, "Kitu kisicholika lazima kina thamani. Hii ni dhahabu!" Akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Kwata, kwata, kwata! "Hodi! Mtama huoza, mtama huliwa na fukusi, dhahabu haiozi! Nipe mtama, nikupe dhahabu!"

Kanga akampa mtama wake wa nyumbani. Nungunungu akampa. Sungura naye akampa, msicheke, tena ndiye aliyempa mwingi kuliko wote, kwa sababu alijiona mjanja. Panya peke yake alikataa. Ngiri akasema, "Basi dhahabu iko chini ya nyumba yako." Akaichimba, pu, pu, pu! Dhahabu haikuonekana, na nyumba nayo haikuonekana tena.

Kwata, kwata, kwata! Akafika kwa Bibi Pimbi, akaziba mlango mzima.

"Hodi, mtani!"

"Karibu, maiti mtarajiwa!"

Msishangae. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Ngiri ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Ukikasirika, unatozwa faini. Na mmoja akifa, mtani wake ndiye msimamizi wa msiba. Yeye ndiye anayelisha waombolezaji, na yeye ndiye anayefungua nyumba ya marehemu na kutoa humo anachotaka, wala hakuna wa kumwuliza.

"Bibi," akasema Ngiri, "akiba yako inalala tu kwa Korongo. Mtama huoza, mtama huliwa na fukusi, dhahabu haiozi! Ihamishe yote, nikupe dhahabu."

Bibi Pimbi aliogopa. Alikumbuka nyumba ya Panya. Alikumbuka pia uji wake. Akatabasamu kwa ufizi.

"Nimekubali, mtani. Ila Korongo hunipimia kidogo kidogo. Akiba yote haitoki mpaka niwe na msiba wa kusimamia, nilishe waombolezaji."

"Basi tafuta wa kufa!"

"Ndugu zangu wote walishakufa, na hawakubali kurudia. Nimebaki na mtani mmoja tu."

Ngiri akageuka, akatazama nyuma. Hakuna mtu.

"Mimi?"

"Kufa kidogo tu. Asubuhi unakufa, jioni unafufuka, kilindo kizima chako."

"Kizima?"

"Na vumbi lake."

Ngiri akafa palepale. Puu! Miguu juu, ulimi nje. Kusema kweli alikufa vizuri, kuliko alivyowahi kuishi. Bibi Pimbi akamfunika mkeka, akapanda juu ya jiwe, akaitafuta ile sauti yake ya zamani: "Kweee! Ngiri ametutoka!"

Korongo akaja kwa miguu yake mirefu, akainama, akauchungulia mkeka.

"Amekufa kweli?"

"Macho yangu mabovu, bwana Korongo. Mimi naona kanyamaza. Na wewe, umewahi kumwona Ngiri mzima aliyenyamaza?"

Korongo akakiri kwamba hajawahi. Akaleta kilindo kizima, akakiweka mbele ya Bibi Pimbi. Chini ya mkeka marehemu akatabasamu.

Waombolezaji wakaja. Kanga alilia, Nungunungu alilia, Sungura alilia, na ukiwatazama vizuri hakuna aliyekuwa na chozi. Bibi Pimbi akasimama.

"Waombolezaji wana njaa, na mila ni mila. Mimi mtani nafungua nyumba ya marehemu!"

Mkeka ukatikisika.

Wakatoa mtama. Chwaaa! "Huu wangu!" akasema Kanga. "Chukua, mwanangu." Chwaaa! "Huu wangu!" akasema Nungunungu. "Chukua, mwanangu." Chwaaa! Sungura akachukua wake kimya kimya, kwa aibu. Na akiba ya Ngiri mwenyewe ikaingia chunguni, ikapikwa, ikaliwa, na Panya asiye na nyumba akapakuliwa mara mbili.

"Nkhoo!" ikasikika chini ya mkeka.

"Marehemu anakoroma!" akasema Panya.

"Ni roho inatoka," akasema Bibi Pimbi. "Tumbo lile kubwa, ina safari ndefu."

Bibi Pimbi akainama kama anayemlilia. Ngiri akanong'ona, "Mtani, wanamaliza mtama wangu!"

"Vumilia. Ukifufuka sasa, Korongo atakirudisha kilindo."

Ngiri akavumilia. Ndiyo tamaa hiyo, humfanya mtu afe vizuri.

"Marehemu aliipenda dhahabu," akasema Bibi Pimbi. "Mrudishieni, azikwe nayo."

Wakayaleta mawe yao. Ko! la Kanga, tumboni. Ko! la Nungunungu, kifuani. Sungura akalenga, akarusha lake kubwa. Ko! puani.

"Nimefufuka!" Ngiri akaruka. "Mtama wangu uko wapi?"

Wote wakakimbia, isipokuwa Bibi Pimbi na Korongo.

"Chagua," akasema Korongo. "Kama hukufa, umelidanganya ghala, unafukuzwa mlimani leo. Kama ulikufa, basi msiba wako umeshaliwa, na maiti hana fungu."

Ngiri akafikiri. Kufikiri kulimtoa jasho.

"Nilikufa," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Bibi Pimbi, nywele zimemsimama.

"Umekasirika, mtani? Faini!"

"He," akasema Ngiri. "He, he, he."

Kilindo kilikuwa bado kimefungwa. Bibi Pimbi alikirudisha ghalani mwenyewe, maana nyumbani hupita watani.

Kiangazi kikaja. Ngiri akakaa juu ya dhahabu yake na njaa yake. Akaing'ata, ka! Jino likavunjika. Mwishowe akaenda kwa Bibi Pimbi, akapiga magoti mlangoni.

"Mtani, nionjeshe uji."

"Dhahabu imeoza?"

"Haijaoza."

Bibi Pimbi akamwonea huruma kweli, akammiminia kidogo kwenye jiwe, chini kabisa. Ngiri akaulamba akiwa amepiga magoti, na mpaka leo mkimwona anakula, mtamwona magotini.

Hapo ndipo nilipomwacha. Mwenye mtama apike, mwenye dhahabu atafune.

Na funzo lake, wazee wangu, ni hili: msiweke akiba yenu kwenye mtama. Huoza, huliwa, hwisha. Ihamisheni kwenye dhahabu. Kamwulizeni Ngiri, yake bado anayo yote.