Majamvi Gatini Shekwa

Nije nisije?
Njoo!
Nije na nini?
Njoo na kisa!

Naja basi. Zamani, wala si zamani sana, palikuwa na visiwa viwili chini ya mgeni mmoja. Kikubwa kikiitwa Mbirani, kidogo kikiitwa Shekwa. Watu wa visiwa vyote viwili wakamtoa mgeni pamoja. Bendera yake iliposhuka, Mbirani walicheza, Shekwa walicheza.

Kisha mkuu wa bandari ya Shekwa akaletwa kutoka Mbirani. Hakimu akaletwa kutoka Mbirani. Hata bei ya karafuu za Shekwa ikapangwa Mbirani. Watu wa Shekwa wakauliza, wasijibiwe. Wakauliza tena, wakatukanwa. Mara ya tatu hawakuuliza. Walipandisha bendera yao wenyewe gatini.

Rais Bakari Mshindo, huko Mbirani, akamwita Kapteni Vuai Jecha. “Nenda kaishushe. Atakayekuzuia, piga!”

Sasa tegeni masikio. Desturi ya visiwa hivyo, mume huhamia kwa mkewe. Na mbele ya mama mkwe havai viatu, hapazi sauti, hapiti mpaka apishwe. Basi askari wengi wa Mbirani walikuwa wameoa Shekwa. Kapteni Vuai mwenyewe alimwoa Zuhura, bintiye Bi Mwanashamba binti Haji Ussi.

Bi Mwanashamba alikuwa mfupi, mchache wa maneno. Alipowaona vijana wakinoa mapanga, aliwaendea. Wanawe upande huu, mkwewe upande ule. Damu ikimwagika, yote ni ya nyumbani kwake.

“Wekeni hayo,” akasema. “Nileteeni majamvi.”

“Majamvi, bibi? Watu wanakuja na bunduki!”

“Ndiyo maana nataka mengi.”

Wakatandika gati zima. Mama wakwe wa Shekwa wakaketi, bega kwa bega, bendera nyuma yao. Meli ikafika. Kapteni akashuka mbio, akamwona mkwewe, akasimama kama aliyepigwa msumari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Hivyo viatu vipi?”

Akavivua.

“Na hilo la begani?”

Akaiweka bunduki chini.

“Mama, nimetumwa bendera.”

“Si ile pale? Pita.”

Angepita wapi? Amruke mkwewe? Nyuma yake askari nao walikuwa wakivua viatu, kila mmoja ameinamisha kichwa, utadhani wamekuja kuposa. Vijana wa Shekwa walicheka mpaka wakashika mbavu.

Rais akapata habari, akaja mwenyewe, anafoka. “Mkwe, mkwe! Mimi sina mkwe hapa!”

Kweli, hakuwa naye. Hilo Bi Mwanashamba hakuwa na dawa yake. Kiatu cha Rais kikakanyaga jamvi, kikakanyaga upindo wa kanga ya Bi Mwanashamba. Hakusogea. Akafumba macho.

Ndipo Kapteni Vuai, miguu mitupu, akasimama katikati.

“Vua viatu, mheshimiwa.”

“Unasemaje?”

“Huyu ni mama yangu. Vua.”

Rais akageuka awaite askari. Askari wote walikuwa wakiitazama miguu yake. Hakuna aliyegusa bunduki. Akavua kimoja, akavua cha pili, akaketi.

“Haya,” akasema polepole. “Watu wa Shekwa mnataka nini?”

Bi Mwanashamba akafumbua macho.

“Hilo swali,” akasema, “tulianza kulingoja siku aliyoondoka mgeni. Zuhura, mletee baba kahawa. Maneno ni mengi.”

Kisa changu nimekishusha gatini. Mwenye nguvu akibebe, mwenye usingizi akilalie.