Posa Mbili kwa Mwantumu Mfinyanzi

Hapo zamani, enzi ambazo chungu kizuri kilimpa binti sifa kuliko sura nzuri, aliishi msichana mfinyanzi aitwaye Mwantumu. Alifanya kazi na kijana jirani yake, Mbelwa, aliyecheza naye tangu hawajaota meno ya pili. Mwantumu akifinyanga, Mbelwa akichoma.

Mwaka mmoja, kwenye sherehe ya mavuno, akaja mpiga ngoma kutoka ng'ambo ya mto, jina lake Shekiondo. Mwantumu alimtazama mara moja tu. Tangu hapo akili haikutulia kazini. Akafinyanga mtungi, akasahau kuutia mdomo. Akafinyanga wa pili, akasahau tena.

"Mbelwa, nina maradhi gani? Nikisikia jina lake masikio yananiwaka."

Mbelwa akasukuma kuni motoni. "Si maradhi. Umempenda kwa macho. Unajua anapenda nini? Anakasirishwa na nini?"

"Sijui chochote."

"Basi subiri miezi mitatu. Ukiwa bado unawaka, salamu zako nitazipeleka mimi mwenyewe."

Mwezi wa kwanza ukapita, bado anawaka. Wa pili ukapita, bado anawaka. Wa tatu nao, bado. Mbelwa akavuka mto, akazifikisha salamu neno kwa neno, hakupunguza hata moja.

Shekiondo akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwambie nashukuru. Lakini simjui, na mtu nisiyemjua siwezi kusema nampenda. Nitakuwa namdanganya."

Mwantumu alilia siku mbili. Mbelwa akamkandia udongo, akamsimulia vichekesho hadi akacheka.

Huko ng'ambo, Shekiondo akawa hamtoi mawazoni binti huyo. Siku ya gulio akaja kununua chungu. Gulio lililofuata akaja tena, ilhali chungu cha kwanza hakikuwa na ufa. Wakazoea kuzungumza. Mwantumu akagundua kwamba bwana huyu huchelewa kila mahali, hupenda kusifiwa, na kuomba radhi kwake ni kazi. Akagundua pia kwamba humlisha mama yake asiyeona kwa mkono wake mwenyewe. Ule moto ukapoa, ila furaha ya kusikia hatua zake ikabaki.

Mwaka ulipogeuka, Shekiondo akaleta posa kwa Mzee Semkiwa, baba yake Mwantumu. Mbelwa alikuwa uani akipanga kuni. Akaziweka chini.

"Mzee, nami naposa."

Mwantumu akageuka. "Wewe? Tangu lini?"

"Tangu sijajua kwamba huko ndiko kupenda."

"Mbona hukusema? Nilikuuliza habari za moyo wangu, ukanijibu yote."

"Uliuliza za moyo wako. Za wangu hukuuliza."

Mwantumu akamkasirikia kwelikweli. Na katika hasira hiyo akajikuta anamtazama kama mgeni. Kope ndefu vile, hakuwahi kuziona? Masikio yakaanza kuwaka. Akashindwa kujua kama huo ni upendo, au ni huruma, au ni yale yale ya macho yamemrudia.

Shekiondo akasema, "Mzee, mimi nilimwambia kweli, hata ilipomuuma. Nilimjua kwanza, ndipo nikampenda. Mwenzangu amemficha la moyoni miaka yote."

Mbelwa akasema, "Mzee, nilimficha ili achague bila kunionea haya. Zile salamu ziliniuma njia nzima, na nikazifikisha. Mwenzangu asingemjua kama si miguu yangu."

Mzee Semkiwa akawatazama wote wawili, akaona hakuna wa kumfukuza. "Mwanangu, wa kuishi naye ni wewe. Utajibu gulio lijalo."

Zilibaki siku nne. Mwantumu akaenda kuchimba udongo peke yake, akiwapenda wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, na namna ipi ndiyo yenyewe asijue.

Nanyi mliokaa hapa, mliowahi kupenda na mnaoanza kupenda, msaidieni binti wa watu. Kati ya aliyekataa kusema uongo na aliyekubali kunyamaza, je, nani alistahili?