Malkia Anatazama Mkuyu

"Mtoto anafanana na nani?"

Swali hilo aliliuliza Hondohondo, ndege mpiga mbiu wa msituni, na siku ile hakujibiwa na mtu. Sogeeni niwaeleze kwa nini.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakipigiana hodi na kupelekeana uji, Sultani Ndovu alimwoa Bi Digidigi. Bwana harusi mlima, bibi harusi kimo cha sufuria. Siku ya harusi Hondohondo alipuliza ile pembe iliyoota juu ya mdomo wake, hooo, msitu mzima ukaja kutazama. Bi Digidigi alifurahi. Kusema kweli alijizungusha mara mbili, ili na waliokaa nyuma waione kanga yake.

Ila tangu siku hiyo Hondohondo hakubanduka ukutani kwa malkia huyo. Malkia akila, mbiu: ana ulafi. Asipokula, mbiu: anaringa. Akicheka, mbiu, akinyamaza, mbiu ndefu zaidi. Na sasa alikuwa amejifungua, arobaini haijatimia, na kwa mila yao mtoto haonwi na wageni mpaka siku ya kutolewa nje. Lakini uwanjani Kifaru, Nyati na Twiga walikuwa wamejaa tangu alfajiri. Kiboko alikuja na mkeka na karanga kabisa.

"Mtoto anafanana na nani?" Hondohondo akauliza. Hakuna aliyekuwa amemwona. "Basi kesho Twiga ataingiza shingo dirishani, na wote mtajua. Hooo!"

Mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho, akashtuka. Nyaa, nyaa, nyaa. Bi Digidigi akampa ziwa, akalikataa. Kwa kelele zile hakuwa akilala wala kunyonya, na mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika.

"Vumilia, mke wangu," Sultani Ndovu akasema. "Mbona harusini ulipenda kutazamwa?"

"Harusini nilifungua mlango mwenyewe. Leo anataka kuufungua yeye. Hayo ni mamoja?"

Ndovu akafikiri mpaka masikio yakasimama. "Niwakanyage?"

"Ili kesho mbiu iseme malkia katili? La. Pita mlango wa nyuma, umpelekee uji Mama Hondohondo kule mkuyuni. Mwambie namwomba radhi mapema, na mdomo auweke tayari."

Sultani hakuelewa kitu, lakini uji aliupeleka.

Mama Hondohondo alikuwa kwenye mayai. Na akina Hondohondo wana desturi yao: mama akiatamia, hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu ambao mumewe hupitishia chakula. Asiingie mtu, asichungulie mtu. Ndiyo, nyumbani kwa huyo huyo mpiga mbiu.

Ndovu aliporudi, Bi Digidigi akasogeza pazia. Uwanjani wote wakanyosha shingo. Hakuwaangalia. Aliutazama mkuyu ng'ambo ya uwanja, akautazama sana, akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Jamani. Hata dirisha hakuna?" Akashusha pazia.

Hondohondo hakungoja hata kumeza mate. "Hooo! Malkia anatazama mkuyu! Mkuyuni kuna nini?"

Mbiu ilikuwa imeshamtoka alipokumbuka mkuyu ule ni wa nani.

Tudu, tudu, tudu, umati wote ukakimbilia mkuyuni.

"Nyumba haina mlango," akasema Kifaru.

"Kamfungia mkewe kwa udongo," akasema Nyati. "Kisa nini?"

"Ngojeni niwaangalizie." Twiga akaweka pua ufani. Kacha! "Mwenzenu nimedonolewa!"

"Mayai yapo?" akauliza Kiboko, mkeka kwapani. "Yanafanana na nani?"

"Ondokeni," Hondohondo akawasihi, akiruka huku na huku. "Hapa ni nyumbani kwa watu. Hamna adabu?"

Hawakuondoka. Si yeye aliyewazoesha? Akarudi mbio dirishani kwa malkia, akatamka neno ambalo hakuwahi kulitamka pale.

"Hodi. Hodi, Bibi."

"Karibu, Bwana Mbiu. Leo umebisha."

"Nakuomba utazame kwingine. Mke wangu yuko kwenye mayai."

"Nami nina mtoto mchanga. Wewe ulitazama kwingine?"

Hondohondo akainamisha pembe. "Nimekosa. Sitapiga mbiu ya nyumba hii mpaka utoke mwenyewe."

"Hilo nalo lipigie mbiu."

Akalipigia, kwa sauti kavu. Ndipo Bi Digidigi akafungua pazia lote, akauliza kwa sauti iliyofika mkuyuni, "Sasa nitazame kwa nani? Kwa Kiboko?"

Kiboko akakumbuka ameacha chungu motoni. Jicho likamhamia Twiga. Twiga ana mgonjwa nyumbani. Nyati na Kifaru hawakusubiri kutajwa. Majitu yote yale, vumbi tupu, yakilikimbia jicho la mnyama wa kimo cha sufuria.

Pakatulia. Mtoto akanyonya mpaka akashiba, akalala fofofo. Mama yake akacheka peke yake, ncha ya kanga mdomoni asimwamshe.

Arobaini ilipotimia alimtoa nje mwenyewe. Hondohondo alipuliza pembe kwa ruhusa, msitu ukaja, na malkia akajizungusha mara mbili. Mtoto alifanana na nani? Walioalikwa waliona.

Mlango wa mtu ni wa kufunguliwa na mwenyewe, hata awe malkia. Nanyi nawaomba: mkipita kwa mzazi pigeni hodi, na msipoitikiwa, rudini nyumbani.