Udongo Mwekundu wa Ambakisye

Ambakisye alilima viazi mlimani, na chini ya shamba lake palikuwa na ziwa dogo ambamo kijiji kizima kilichota maji na kuvua perege. Mwaka mmoja maji yalichafuka. Mwaka uliofuata perege walielea, wamekufa. Watu walipokusanyika kumtafuta mkosaji, Ambakisye alisimama wa kwanza, akamnyooshea kidole jirani yake Mwaisumo, mfugaji aliyenywesha ng'ombe pale. Hakukusudia kusema uongo. Alisema alichotamani kiwe kweli. Mikono yote iliinuliwa. Mwaisumo alipewa siku tatu. Aliondoka na mkewe na ng'ombe kumi na mmoja, akafia ugenini, wakamzika watu wasiojua jina la baba yake.

Miaka tisa ikapita bila ng'ombe hata mmoja, na maji yakazidi kuharibika.

Ndipo akaja Tupokigwe, mtafiti, mama ambaye kazi yake ilikuwa kusoma matope ya maziwa. Alikodi mtumbwi wa Ambakisye, akadidimiza bomba refu hadi chini ya ziwa, akalivuta na kulipasua kwa urefu. Matope yalilala tabaka juu ya tabaka, ya kale chini, ya juzi juu. Katikati ya matope meusi palikuwa na majivu ya mioto ya mababu, kisha matope meusi tena, kwa maana ziwa lilipona. Karibu na juu palikuwa na udongo mwekundu, unene wa kiganja. Akayapeleka maabara, na baada ya miezi sita akarudi na majibu.

Ambakisye alimuuliza habari ya ng'ombe, kwa sauti ndogo.

“Baba, ng'ombe wamekunywa hapa miaka mia tatu, na samaki waliishi,” Tupokigwe akajibu. “Kilichowaua ni huu mwekundu. Ulianza kushuka msitu wa juu ulipokatwa.”

Ambakisye hakuuliza nani aliukata. Shoka lilikuwa lake, na alikuwa amelima mpaka maji yanapoanzia.

Alikwenda kwa wazee kukiri. Wakamwambia anyamaze, kwa kuwa kila mmoja wao aliinua mkono siku ile. Akarudi nyumbani, na kilichomuuma kuliko yote ni kwamba aliona nafuu. Mvua ziliponyesha, alipanda viazi palepale.

Nanyi mnaomsikitikia Mwaisumo, Mwaisumo wa kwenu mlimfukuza lini?