Kalunguyeye na Tumbo la Sanamu

— Nyie mliokaa, mmekaa?
— Tumekaa.
— Ngano naileta, mnaipokea?
— Ilete, mikono tunayo mitupu.
— Ina udongo, itawachafua.
— Ituchafue, maji yapo.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa wakienda chuo, palikuwa na Kalunguyeye. Mnyama mdogo, miguu mifupi, miiba mgongo mzima. Mama yake alikufa mwanzo wa masika, akabaki peke yake shimoni. Asubuhi anajisalimia, anajiitikia. Siku moja akasema, "Nikijua kufinyanga, nitajifinyangia mtu wa kuzungumza naye." Akafunga safari mpaka chuo cha sanamu, akaandikishwa darasa la wanaoanza.

Mwalimu alikuwa Bi Nyigu, yule ajengaye nyumba ya tope ukutani. Wanafunzi wakaingia. Swala akakaa, Kanga akakaa, Ngedere akakaa. Kalunguyeye alipofika kwenye benchi, Kanga akasogea. Ngedere akasogea. Swala akasogea mpaka nusu ya mwili ikawa nje.

"Samahani ndugu," Kanga akamwambia, "unachoma."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma Kalunguyeye. Tusi angelijibu. Akakaa ncha ya benchi, katikati pakabaki nafasi ya watu watatu.

Kiboko naye alikuwa na benchi lake peke yake. Lile la kwanza alilivunja.

Siku ya kwanza Bi Nyigu akasema, "Udongo wenye hewa ndani hupasuka motoni. Kandeni." Wakakanda, puta, puta, puta. Kiboko akalala.

Siku ya pili akasema, "Mikono haijui kitu. Macho ndiyo yanayofinyanga. Mtazame mwenzako mpaka umjue na mgongo wake." Swala akamtazama Kanga, Kanga akamtazama Ngedere. Kalunguyeye hakuwa na wa kutazamana naye, basi akamtazama Kiboko aliyelala: mashavu kama magunia mawili, shingo hakuna, tumbo limemwagika pande zote.

Siku ya tatu akasema, "Sanamu kubwa haijazwi. Iacheni wazi tumboni, ukuta wake uwe mnene kama kidole. Ukiijaza, tanuri litaitapika vipande vipande." Kiboko alikuwa anakoroma, khoo-fyuu, khoo-fyuu.

"Baada ya siku saba," akamaliza Bi Nyigu, "kila mmoja alete sanamu yake tuichome. Asiyekuwa nayo, arudi kwao."

Kalunguyeye akalifikiria lile shimo lake, na ile sauti yake mwenyewe ikijiitikia. Hakutaka kurudi.

Sasa, chuo kizima kilikuwa na shimo moja tu la udongo mzuri. Kiboko akaliendea, akajitosa ndani, chubwi, akalala humo.

Akaja Swala. "Bwana Kiboko, naomba udongo."

"Wangu."

Akaja Ngedere. "Bwana Kiboko, naomba udongo kidogo."

"Wangu."

Akaja Kanga. "Bwana Kiboko, hata konzi moja."

"Hata hiyo ni yangu."

Zikapita siku tatu, hakuna aliyefinyanga kitu. Siku ya nne akaja Kalunguyeye, akakaa ukingoni.

"Bwana Kiboko, udongo siombi. Nimekuja kukutengenezea sanamu yako. Kubwa kama wewe."

Kiboko akafungua jicho moja. "Kama mimi kweli?"

"Mpaka mikunjo ya mgongo."

Kiboko akatoa udongo. Kalunguyeye akasimamisha sanamu uani, kando ya ua wa matete, kwa siku mbili. Akaweka mashavu, akaruka shingo, akatandaza tumbo. Mdomo akauacha wazi, na nyuma chini akaacha tundu. Kiboko akaja kutazama, akagonga tumbo. Likalia, nduuu.

"Humu ndani mna nini?"

"Hamna kitu. Mwalimu ndivyo alivyosema."

"Mwalimu mwenyewe kiuno uzi. Atajua nini habari za tumbo? Mimi sijawahi kuwa mtupu. Jaza."

"Nitajaza, bwana. Ila mikono yangu midogo. Wewe mimina mdomoni, mimi nishindilie kwa nyuma."

Kiboko akaleta kapu la udongo. Mbwata. "Ameshiba?"

"Bado, bwana."

Akaleta la pili. Mbwata. "Ameshiba?"

"Bado, bwana. Tumbo lako si la mchezo."

Kiboko akacheka, akafurahi, akakimbilia kapu la tatu. Na huko nyuma Kalunguyeye alikuwa anachokoa udongo tunduni, chwa, chwa, chwa, anaupenyeza kwenye matete. Upande wa pili walikuwepo Swala, Kanga na Ngedere. Walinyoosha mikono wakapokea, kwa mbali, wasije wakachomwa. Ilipofika adhuhuri shimo lilikuwa tupu, sanamu tupu, na kila mwanafunzi ana udongo wake.

"Sasa ameshiba," akasema Kalunguyeye. Ikabaki konzi moja ya udongo mikononi mwake. Akafinyanga kalunguyeye mdogo.

Siku ikafika, sanamu zikachomwa. Tanuri lilipopoa zote zikatoka nzima, hata ile ya Kiboko. Kiboko akasimama kando yake amevimba kwa fahari. Bi Nyigu akaingia mdomoni mwa sanamu, vuuu, akatokea nyuma.

"Ndani mna mikwaruzo ya miiba," akasema. Akamwekea Kiboko bonge la udongo. "Kanda nikuone."

Kiboko akalipiga kofi. Likaruka, likaganda ukutani.

"Rudi kwenu," akasema Bi Nyigu.

Wanafunzi wakafanya karamu. Kalunguyeye akaenda na sanamu yake ndogo, akasikia Ngedere akimnong'oneza Swala, "Aliyemzunguka Kiboko atashindwa kutuzunguka sisi?" Wakasogea. Safari hii hawakuomba samahani. Akatoka nje, akaiambia sanamu yake, "Hujambo." Ikanyamaza. Akaiambia tena. Ikanyamaza.

Akatembea mpaka kwenye shimo la udongo. Kiboko alikuwemo, amekaa penye ukavu.

"Mbona hujaenda kwenu?"

"Kwetu hakuna mtu," akasema Kiboko. "Nilikuja huku kwa sababu niliona watu wengi."

Kisha Kiboko akauliza, "Ulikuwa unanidanganya?"

"Ndiyo."

"Kila kapu?"

"Kila kapu."

Kiboko akawaza. "Lakini mgongo uliupatia."

Kalunguyeye akashuka shimoni, akakaa ubavuni pake. Miiba ikamgusa Kiboko kwenye ile ngozi yake nene. Kiboko hakusogea.

"Kesho linafunguliwa darasa jipya la wanaoanza," akasema Kalunguyeye. "Kamwombe mwalimu. Lakini uwe unajua kukanda."

"Sijui."

"Lete mkono. Sukuma mbele, usipige."

Puta. Puta. Puta.

— Ngano nimeianika kivulini, nani ataichukua?
— Sisi.
— Na funzo mmelipata?
— Hatujalipata.
— Funzo ni hili: msikae karibu na mlafi, wala msikae karibu na mjanja, wala msikae karibu na mwenye miiba. Mkishalishika vizuri, kila mmoja aende akakae peke yake, aniambie kulikuwaje.