Mwiko wa Bibi Kalunde

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa jiko, pakawa chungu, pakawa mama na mwanawe, na ugali wa kugawana.

Sogeeni basi. Mlio nyuma mnanisikia? Haya.

Zamani, zamani hizo, bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji katika nchi ya mtama. Humo aliishi mwanamke aitwaye Kalunde. Mumewe alikwisha kufa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Limi. Wawili, basi. Wakilima, wawili. Wakiteka maji, wawili. Wakitwanga, twa! twa! twa! twa! Mchi wa mama ukishuka, mchi wa mtoto unapanda.

Siku hizo mwiko ulikuwa mwiko tu. Kijiti kipana cha kusongea ugali. Ukitaja mwiko, mtu anawaza chungu, anawaza kula. Hapakuwa na aliyeliogopa neno hilo.

Kisha mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza ikakataa. Mwaka wa pili ikakataa. Ghalani wakabaki panya. Mwisho hata panya wakahama.

Kalunde akawa anasonga ugali mdogo, kama ngumi ya mtoto, mara moja kwa siku, jua likiwa utosini. Anaukata mapande mawili. Hili langu, hili lako. Wanakula kwa mlenda, wanashushia maji, wanangoja kesho.

Siku moja Kalunde akamwona Limi anamega ugali chunguni kabla haujapakuliwa. Anautia kwenye kata ya kunywea maji, anatoka nao. Kalunde akanyamaza. Siku ya pili akamwona, akanyamaza. Siku ya tatu akanyamaza, lakini tumbo lake halikunyamaza. Siku ya nne akamngoja arudi, akamshika mkono.

"Unaniibia, Limi?"

Limi akageuka kuutazama mlango.

"Tumebaki wawili duniani, nawe unaniibia?"

Limi akafungua mdomo. Akaufunga.

Mwiko ulikuwa mkononi mwa mama, umetoka chunguni sasa hivi. Akauinua. Paa! Ukatua begani. Ugali wa moto ukaganda kwenye ngozi ya mtoto.

Limi hakulia. Alimtazama mamaye kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akachukua kibuyu, akaenda kisimani.

Jua halijasogea, fimbo ikasikika mlangoni: ko, ko, ko. Alikuwa Mzee Ngolo, jirani yao, kipofu asiye na mke wala mtoto. Mkononi ana kata. Ameiosha.

"Hodi, Mama Limi. Nimewarudishia kata yenu."

"Kata? Umeipata wapi, babu?"

"Ah, mwanangu, nisitiri. Leo siku ya nne mwanao ananilisha. Nilimwambia, usimwambie mama yako, nitaonekana ombaomba uzeeni. Akasema, kula, babu, hii ni sehemu yangu, mimi nimeshiba."

Kalunde akasimama pale pale. Akakumbuka jambo. Siku zote tatu zilizotangulia, Limi alipopewa pande lake, alikula tonge moja akalisogeza kwa mama. "Malizia wewe, mama." Na yeye mama alikuwa akimalizia.

Akatoka mbio. Akafika kisimani. Kibuyu akakikuta kimejaa maji, kimeegemezwa jiwe vizuri kisimwagike. Limi hayupo. Njia ya machweo ilikuwa na nyayo za watu wengi, watu wa njaa waliopita siku ile wakitafuta nchi yenye chakula. Katikati ya nyayo kubwa, nyayo ndogo.

"Limiii! Limiii!"

Akafuata nyayo mpaka zikaingia kwenye mawe, na mawe hayasemi. Akarudi peke yake. Akajitwika kile kibuyu. Maji yale hakuyanywa.

Ule mwiko aliutundika juu ya mlango wa jiko, pale kila aingiaye atauona. Akachonga mwingine wa kusongea. Watu wakimuuliza, hakuficha. "Nilimpiga nao mwanangu. Hakuwa na kosa." Hivyo tu.

Mvua ikarudi. Mtama ukarudi. Limi hakurudi.

Wapitanjia walipopita, Kalunde aliacha jembe, akasimama kando ya njia, akaimba:

Wapitanjia, wapitanjia,
huko mlikopita
mmemwona Limi wangu?

Nao wakajibu: "Hatukumwona, dada." Miaka ikaenda. Wakajibu: "Hatukumwona, mama." Miaka ikaenda tena, kichwa kikawa cheupe. Wakajibu: "Hatukumwona, bibi."

Sasa, katika kijiji kile makatazo yalikuwa marefu. Wazee wakitaka kumkanya mtu walikaa asubuhi mpaka jioni, na mtu akitoka hapo amesahau alikanywa nini. Siku moja kijana mmoja, Shija, alimkuta mtoto wake amemwaga uji. Akashika fimbo. Bibi Kalunde alikuwa anapita na kuni zake. Hakuhubiri. Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa jiko lake.

"Shija! Mwiko!"

Shija akageuka, akautazama ule mti uliotundikwa. Kisa chake alikijua tangu utoto. Mkono ukashuka wenyewe.

Basi neno likatembea. Ndugu wakinyang'anyana shamba, mtu anasema: mwiko! Mtu akitaka kumcheka kiwete: mwiko! Hata waliokuwa mbali na mlango ule walielewa. Kuna jambo ukilifanya, huwezi kulirudisha. Wenye elimu ya maneno huenda wana asili yao ya neno hili. Mimi nawapa niliyopewa na bibi yangu.

Njaa nyingine ikaja. Safari hii kijiji kilikuwa na akiba kidogo. Watu wa njaa walipoonekana kwa mbali, wazee walikata miiba wafunge njia. Shija, naye mzee sasa, alikuwa mbele. Bibi Kalunde akaja akijikongoja, akakaa chini katikati ya njia.

"Mwiko," akasema.

"Bibi, na watoto wetu je?"

"Watoto wetu wamo pia kati ya wale wanaokuja. Unawajua wote, wewe?"

Shija akatupa miiba. Vyungu vikawekwa motoni, tuku-tuku-tuku, uji mwepesi, lakini kila mdomo ukapata. Bibi Kalunde akaimba wimbo wake kama siku zote, hata bila kungoja jibu.

Mwanamke mmoja mgeni akaweka kata chini.

"Limi, bibi? Mwenye kovu begani?"

Bibi Kalunde akamshika mkono.

"Yupo, mwendo wa siku kumi na mbili, ng'ambo ya mto. Hupikia wapitanjia. Kila mgeni humuuliza: huko mawioni, kwetu, mvua imerudi?"

"Kwa nini harudi?" Bibi Kalunde akauliza.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema: niliondoka bila kumuaga mama. Naogopa kufika nikakuta hayupo wa kumwomba radhi."

Bibi Kalunde akainuka.

"Bibi, kaa," Shija akasema. "Umri huo! Nitakwenda mimi nimlete."

"Nilimfukuza kwa mkono wangu, Shija. Nitamfuata kwa miguu yangu."

Akaenda. Taratibu, taratibu, fimbo na unyayo, fimbo na unyayo, mpaka vumbi likammeza.

Kijiji kikabaki kikitazama njia ile. Mtama ukachipua, ukavunwa. Watu wakigombana walinyamaza ghafla, wakingoja sauti yake. Haikuja. Wakajua sasa yale aliyokuwa akiyajua yeye: kungoja mtu kila wapitapo watu.

Msimu wa pili akaja mwanamke mwenye mvi nyingi, anaongoza wajukuu wawili. Wazee wakamtambua kwa kovu la begani.

"Mama amepumzika," Limi akasema. "Tulikaa naye masika moja. Nimemzika kando ya nyumba yangu."

Shija akalia kama mtoto. Kisha akauliza, "Alipofika, alisema nini? Tangu tuzaliwe alikuwa akitafuta maneno ya kukwambia."

"Hakupata kusema. Nilikuwa jikoni. Nikaona kivuli mlangoni, nikainua macho. Nikataka kupiga magoti, nikataka kuomba radhi, maneno yote yakanikimbia. Nikamuuliza lile ninalomuuliza kila mgeni: umekula?"

"Naye?"

"Akasema, bado, mwanangu. Tangu siku ile, bado. Nikampakulia. Nikakata mapande mawili. Safari hii sote tulimaliza."

Wasikilizaji wangu, njaa hupita, pigo hukaa. Uliza kwanza, mkono ungoje. Na kama kuna unayemkumbuka, nenda ungali na miguu.

Hadithi yangu imefika, imekaa. Ikiwa tamu, ni ya Bibi Kalunde. Ikiwa chungu, ni ya ulimi wangu.