Kindi, Mkwewe na Vitumbua vya Bi Kanga

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na moto, na chuma, na sisi wenye njaa!

Basi sogeeni. Na wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako wapate pa kukaa.

Hapo kale, pale kijito kinapokutana na njia ya kwenda kondeni, palikuwa na banda la Bi Kanga, mpika vitumbua. Si vitumbua vya kubahatisha, jamani. Mchele aliuloweka tangu jana, akausaga, akautia tui zito na iliki, akauacha uumuke. Asubuhi akaumimina kwenye chuma chake chenye matundu saba: chwaaa! chwaaa! Harufu ikatoka bandani, ikavuka kijito, ikaingia nyumba za watu bila hodi. Wanyama wote wakaja, kila mmoja na alichonacho: huyu nazi, huyu kibaba cha mchele, huyu mzigo wa kuni.

Bi Kanga alikuwa na sharti moja tu.

"Kwangu mimi, mwenye sahani humkaribisha apitaye. Anayekula kimya, naepua chuma, na kwangu hali tena."

Sharti hilo si gumu. Mwenye sahani anasema, "Karibu!" Mpita njia anajibu, "Starehe!" Mmoja anakula, mwingine anakwenda zake, adabu imetimia. Hata ukiwa na njaa ya siku mbili unasema starehe, unameza mate, unapita.

Bwana Kiboko hakuwahi kusema starehe hata siku moja. Wala hakuleta nazi, wala mchele, wala kijiti cha kuni. Yeye alikuja na tumbo. Akiona sahani, husimama mbele yake. Mwenye sahani afanyeje?

"Karibu, mzee."

"Ahsante, nimekaribia!"

Puu! anakaa. Benchi linalia, nge'e! Kisha gwap, gwap, gwap, sahani nyeupe.

Sasa Kindi, jamaa mdogo mwenye mkia mkubwa, alikuwa na mdomo. Mama mkwe wake, Bi Kidawa, alipokuja kuwatembelea, Kindi alijisifu akiwa nyuma ya mlango, maana mkwe hatazamwi usoni hovyo, sembuse kula naye sahani moja.

"Mama, Ijumaa utakula vitumbua vya Bi Kanga."

Bi Kidawa alifurahi. Alikuwa kibogoyo, hana jino hata la kuazima, na kitumbua hakihitaji meno.

Ijumaa ya kwanza, Kindi akapeleka nazi, akapewa vitumbua saba. Anageuka, Kiboko huyu hapa.

"Karibu, mzee."

"Ahsante, nimekaribia!" Gwap, gwap, gwap.

Ijumaa ya pili, Kindi akavifunika kwa jani la mgomba. Kiboko akanusa jani.

"Karibu, mzee."

"Ahsante, nimekaribia!" Gwap, gwap, gwap. Na jani pia.

Ijumaa ya tatu, Kindi akaamua kukimbia. Mbio, mbio, mbio, hadi mlangoni mwa banda. Na mlango wenyewe ulikuwa umejaa Kiboko.

"Karibu, mzee," Kindi alisema, akitua sahani.

Siku hiyo Bi Kidawa alifunga kifurushi chake.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "umeolewa na maneno. Ijumaa ijayo nisipoonja kitumbua, naondoka. Na wewe utanifuata."

Kindi aliyasikia yote akiwa nyuma ya nyumba. Alimpenda mkewe sana, jamani, tusimcheke kwa hilo. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkia. Kisha akaacha kulia, akaanza kufikiri.

Kesho yake akashuka mtoni.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Sikubeba kitu, nimebeba huzuni. Mtu mkubwa kama wewe unazunguka na visahani vya watu! Saba hapa, saba pale. Mwili huo si wa sahani, mzee. Ni wa sinia."

Kiboko akautazama mwili wake, akaona Kindi ana akili.

"Sinia napataje?"

"Peleka mchele wako na nazi zako. Bi Kanga atakupikia wewe peke yako mpaka chuma kichoke. Ukae pale mlangoni, penye upepo, ule kwa nafasi."

Ee! Kiboko akafanya kazi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akavuna mpunga, akautwanga: du! du! du! Akakusanya nazi, akazibeba mgongoni: hema, hema, hema. Njia nzima alikuwa akiimba, "Sinia langu! Sinia langu!"

Kindi naye hakukaa. Alipita nyumba kwa nyumba. Kwa Tumbili, kwa Kobe, kwa Pimbi, kwa Sungura na ukoo wake wote, na ukoo wa Sungura mnaujua. Kila mlango aliacha neno moja: "Ijumaa ukikaribishwa, usiseme starehe. Karibia."

Nyumbani akamwambia mkewe, "Mama akiondoka Ijumaa, apite njia ya kwa Bi Kanga."

Ijumaa ikafika. Chwaaa! chwaaa! Sinia likajaa likawa kilima. Kiboko amekaa mlangoni, mdomo wazi, ndiyo kwanza anyooshe mkono. Tumbili akapita.

Kiboko kimya.

Bi Kanga akashika chuma chake. "Sijasikia kitu leo. Nimezibwa masikio, au naepua?"

"Ka-karibu, Tumbili," Kiboko alisema, akingoja starehe yake.

"Ahsante, nimekaribia!"

Puu! Tumbili amekaa. Kiboko akakodoa macho. Kabla hajayarudisha, Kobe huyo mlangoni.

"Karibu, Kobe."

"Ahsante, nimekaribia!"

"Karibu, Pimbi."

"Ahsante, nimekaribia!"

"Karibu, Sungura."

"Ahsante, tumekaribia!" Nao walikuwa kumi na tisa.

Kiboko akaona bora awahi. Akachota vitumbua vinne vya moto, akavisokomeza vyote kinywani. Hoo! Hoo! Hoo! Ulimi ukaungua, akavitema, na huku machozi yakimtoka ilimbidi aendelee: "Kahibu! Kahibu!" Benchi halikulia nge'e tena. Lilikuwa limezoea.

Kilima kikawa kichuguu. Kichuguu kikawa tambarare. Kwenye sinia vikabaki vitumbua vinane tu, na Kiboko akaviwekea kivuli kwa mikono yake miwili.

Ndipo akatokea kibibi, kifurushi kichwani, fimbo mkononi, binti yake nyuma yake akifuta macho. Kindi aliwaona akiwa amejibanza nyuma ya kuni za Bi Kanga. Bi Kidawa alifika mlangoni, akatazama sinia, akasimama.

Kiboko akatazama juu. Akatazama chini. Bi Kanga akagusa chuma.

"Karibu, mama," Kiboko alisema kwa sauti ndogo kuliko yote aliyowahi kutoa.

"Ahsante, mwanangu. Nimekaribia."

Akaketi. Akala kimoja, nya, nya, nya, kwa ufizi. Akala cha pili, akafumba macho. Alipofika cha saba alitua kifurushi kutoka kichwani.

"Binti yangu," alisema, "mumeo si mwongo. Mzigo huu rudisha nyumbani. Nitakaa nanyi mpaka masika."

"Masika haya, mama?" Kindi aliuliza kutoka kwenye kuni.

"Masika ya mwakani, baba. Kwani mna haraka?"

Mkewe akacheka. Kindi akapata mke, akapata na mkwe wa mwaka mzima. Lakini tumbo lake lilikuwa tupu tangu jana, na kwenye sinia kimebaki kitumbua kimoja, kimeumuka, kingo zake nyekundu. Bi Kidawa akakiona, akamkumbuka mkwewe.

"Karibu, mkwe wangu. Njoo ule hiki."

Ale mbele ya mama mkwe? Kindi akakitazama kile kitumbua, akameza mate, ngugu!

"Starehe, mama."

"Haya. Na wewe mwanangu mnene, karibu."

"Ahsante, nimekaribia!" Gwap.

Hadithi yangu imeishia siniani. Aliyeshiba afute mdomo, mwenye njaa alambe kidole.

Na funzo lake, wanangu, lisikieni vizuri: adabu hushibisha. Ukikaribishwa, sema starehe. Kindi alisema, na mpaka leo anasifiwa kwa adabu zake, amekonda hivyo hivyo. Kiboko hakusema, akala cha mwisho, na mnamwona alivyo.

Haya, hapa miguuni pangu pana bakuli, na ndani mna kitumbua kimoja. Karibuni!

— Ahsante, tumekaribia!

Loo! Nani amewafundisha hivyo?